Mwaka Niliomsikiliza Kipofu

Kwenye arobaini ya Fundi Mwinyimvua, nyumbani kwake Kihonda, kabla hata masinia ya pilau hayajaondolewa, wanaume wazima walianza kugombana juu ya mashine. Nilikuwa upande wa wanawake, nimeegemea ukuta kwa ajili ya mgongo wangu, nikasikia sauti ya Kostantini ikipanda. "Acha uongo wewe! Kipofu alikuwa anashika sarafu moja ndogo, futi nzima chini ya udongo mwekundu. Hiyo ya kwako yenye kioo inashika nini? Inakula betri tu." Aliyekuwa akibishana naye ni mpwa wa marehemu, kijana anayetafuta dhahabu Chunya, naye akajibu kwa adabu ya msibani: "Lakini babu, kiwanda chenyewe kiliacha kuzitengeneza. Zingekuwa nzuri wangeziacha?" Kostantini akamtazama kwa huruma. "Waliziacha kwa sababu zilikuwa haziharibiki. Sasa wangeuza nini tena?" Hapo nilishindwa kunyamaza. Nikapaza sauti kutoka kule kwenye mikeka yetu: "Kostantini, usiwadanganye watoto wa watu. Haziharibiki? Umesahau tulivyokuwa tunamfunga kwa mipira ya kandambili?" Watu wakacheka, kwenye arobaini, na Bi Tausi, mjane mwenyewe, ndiye aliyecheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Nilirudi nyumbani siku ile na mambo mawili kichwani. La kwanza ni hilo la Kipofu, kwamba kumbe bado tupo watu wa kugombana kwa ajili yake. La pili niliambiwa jikoni wakati wa kuosha vyombo, na ndilo lililonikalisha mezani kuandika, lakini halitaeleweka mpaka nisimulie mwaka mzima. Basi nisimulie.

Kipofu ilikuwa mashine ya kutafutia chuma ardhini. Fimbo ndefu, chini yake sahani ya mviringo, juu yake kisanduku cha kijivu chenye uzito wa mtoto wa miezi sita, na hedifoni za kuvaa masikioni. Unapitisha sahani juu ya ardhi taratibu, kulia na kushoto, na ikipita juu ya metali yoyote, inalia. Ndiyo maana tukamwita Kipofu: hakuwa na kioo, wala mshale, wala taa. Mashine zilizokuja baadaye zilikuwa zinakuandikia kwenye kioo, hiki chuma, hiki shaba, hiki fedha, na nyingine ukitaka zinanyamazia chuma kabisa zisikusumbue. Kipofu alikuwa na sauti tu, na sauti hiyo ilikuwa moja kwa kila kitu mpaka uijue. Mgeni akivaa hedifoni anasikia mlio. Anayemjua anasikia msumari, kopo, kitasa, rupia. Fundi aliipata kwa mtaalamu wa miamba wa kigeni aliyekuwa anafunga virago, na akanunua ya pili, mbovu, kwa ajili ya vipuri tu. Mjini Morogoro hapakuwa na nyingine, na sisi tulijiona watu wa pekee kwa sababu hiyo.

Mimi nilifika kwake kwa bahati mbaya, mwaka niliopunguzwa kazi. Nilikuwa mpokea simu kiwandani, miaka minne mbele ya swichibodi, hedifoni kichwani, nachomeka na kuchomoa waya, nawaunganisha mabwana na wake zao na wasio wake zao. Ilikuwa miaka ya ruksa. Viwanda vilikuwa vinatafutiwa wanunuzi, wafanyakazi tunapunguzwa kwa majina yaliyobandikwa getini, na swichibodi yangu ikabadilishwa na kisanduku kinachounganisha chenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikuwa na hasira, nakiri, na hasira yenyewe ilikuwa kwa kile kisanduku kuliko kwa mameneja. Siku moja nikapeleka redio yangu kutengenezwa Mji Mpya, kwenye chumba cha fundi mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa amevaa hedifoni, amekunja uso. Nikasema, "Shikamoo, Fundi." Hakuitikia. Akazivua, akanivika mimi, hata jina langu hajaniuliza. "Sikio langu la kushoto limekufa," akasema. "Hebu sikiliza hapo. Kuna mkwaruzo au hakuna?" Nikasikiliza. Nikamwambia ipo miwili, mmoja wa karibu, wa waya uliolegea, na mwingine wa mbali, unapanda na kushuka. Akanitazama muda mrefu. "Marahaba," akasema mwishowe.

Kuanzia hapo mwaka mzima nilikuwa mtu wa chumba kile. Kilikuwa kidogo, kinanuka lehemu na vumbi lililopata joto, redio zimepangwa mpaka darini, nusu zake zimefunguliwa tumbo. Ukutani, ndani ya fremu ambayo watu wengine wangewekea picha ya harusi, Fundi alitundika barua. Aliwaandikia wenye kiwanda akiomba sahani mpya ya Kipofu, na wao wakamjibu kwa heshima kubwa kwamba mashine ya aina ile haitengenezwi tena, vipuri vyake vimekwisha, na wanamshauri anunue ya kisasa. "Wananishauri!" alikuwa anasema akiionyesha kwa bisibisi. "Mimi nimewauliza sahani, wao wananishauri." Aliisuka sahani mwenyewe, kwa waya aliotoa kwenye mota ya feni, akaifunika kwa sahani mbili za plastiki za Bi Tausi. Bi Tausi hakumsamehe zile sahani. Kila akituletea chakula alitukumbusha kwamba alikuwa na sita, sasa ana nne.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu. Kostantini alishuka kutoka kwenye biashara yake ya kupakia mboga za Mgeta kwenda Dar, kifua mbele, ameshika mashine yake mpya aliyoinunua Kariakoo, yenye kioo na vitufe tisa. Sisi tuliiita Televisheni. Tulikula kwanza, magimbi ya kuchemsha na chai ya mchaichai, au ugali na dagaa waliotiwa nazi, kisha mjadala ukaanza. Ningetamani ningekuwa na tepu. Kostantini anasema Kipofu ni mzito, bega lake limeshuka upande mmoja. Fundi anasema bega limeshuka kwa kubeba kabichi. Kostantini anasema Kipofu akipata joto la mchana anaanza kulia bila sababu. Fundi anasema sababu ipo, ni mawe mekundu ya huku kwetu, na mashine isiyoyasikia mawe hayo haijui iko wapi. "Ya kwangu inaniambia kabisa hiki ni chuma, nikiache," anasema Kostantini. "Ndiyo ubaya wake," anajibu Fundi. "Inakuamulia. Chuma nacho kina habari zake." Hatukuwa watafuta mali, ingawa mji mzima ulidhani tunatafuta hazina ya Mjerumani. Watu walitufuata kwa minong'ono, wakidai wanajua pango, wana ramani ya babu. Tulichopata mwaka ule ni misumari, vifungo vya koti, bawaba, makopo ya samaki na rupia mbili, moja imetobolewa katikati kwa kuvaliwa shingoni. Tulifurahi siku zote.

Nyuma ya chumba kulikuwa na kitu ambacho sijakiona kwingine. Kipande cha ua, kama hatua kumi kwa sita, hakuna kilichopandwa humo isipokuwa vijiti vyenye tarehe. Chini ya kila kijiti Fundi alifukia kitu: msumari, panga lililovunjika, nati, kijiko. Vingine vilikuwa na miaka minane ardhini, vingine vya wiki ile ile. Bi Tausi aliuita shamba la misumari na aliwaambia majirani mumewe analima chuma. Humo ndimo nilimojifunza. Chuma kikikaa sana ardhini hutoa kutu, na kutu hiyo inaingia kwenye udongo wa pembeni mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo Kipofu anakisikia chuma na udongo wake pamoja. Mlio unaanza chini kabla hujakifikia, unapanda, unashuka polepole hata ukishakipita. Chuma cha juzi hakina hayo. Kinalia pap, kinakatika pap. Fundi alining'olea vijiti vyote, akanifunga macho kwa kitambaa, akanizungusha pale uani na kuniuliza kila hatua: "Umesikia nini?" Mwezi wa tatu nilikuwa naweza kumwambia hiki kina mwaka, hiki kina mitano, hiki umekiweka jana unanijaribu. Alikuwa anacheka kwa furaha ya mtoto. Yeye mwenyewe, kwa sikio moja, alikuwa hawezi tena. Nami, ambaye kiwanda kiliniambia masikio yangu hayahitajiki, sijui niseme vipi nilivyojisikia. Nilimpenda yule mzee kwa swali lile moja.

Mashine yoyote ya kioo haiwezi kazi hiyo. Inakuambia chuma, basi. Haikuambii cha lini. Kostantini aliponiona nikifanya hivyo nimefungwa macho, akaanza kunitangaza. Kila alikopakia mboga alisimulia kwamba mjini kuna dada anayejua umri wa msumari. Na maneno hayo ndiyo yaliyotuletea Bi Perpetua.

Alikuja kutoka Matombo na binti yake Koleta, ambaye tulikuwa karibu lika moja, wote wawili wamevaa rozari, na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mwenye nyumba. Alikaa kwenye kigoda katikati ya redio, akakataa chai mpaka aeleze. Shamba lake liko juu ya misheni, migomba, michungwa na pilipili manga inayopanda kwenye miti. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na hiyo ilikuwa ya mama yake, na ya bibi yake. Sasa amekuja bwana mmoja wa mjini na karatasi ya serikali ya kijiji, anasema mteremko wote kuanzia kwenye makaburi kwenda juu hauna mwenyewe, ameuziwa. Wote tulijua anataka nini. Miaka ile kila aliyekuwa na koleo alikuwa anapanda Matombo kutafuta yakuti. "Lakini mpaka wetu upo," akasema Bi Perpetua. "Bibi wa bibi yangu alipofungua shamba, jembe la kwanza lililolima pale lilifukiwa mpakani, juu ya makaburi. Ndiyo desturi ya ukoo wetu. Nikiwa na miaka saba nilimwona bibi akimwaga pombe hapo." Aliyejua mahali penyewe hasa alikuwa mjomba wake, mkuu wa ukoo, yule wanayemwita mndewa, na amekwisha kufa. Mti uliokuwa alama ulianguka. Baraza la kata limesema litapanda Alhamisi, na kama jembe litaonekana juu ya makaburi, mpaka ni huko. Kama halionekani, karatasi ya yule bwana inasimama. "Ninyi watu wa mashine," akasema, "nitafutieni jembe langu." Fundi alikuwa ameshaanza kuhesabu betri.

Tulipanda Jumatatu kwa lori lililokuwa linakwenda kuchukua ndizi, sisi watatu na Kipofu ndani ya blanketi. Televisheni tuliiacha, na hata Kostantini hakubisha. Nyumba ya Bi Perpetua ilikuwa ya udongo, safi, na juu ya mafiga kulikuwa na dari la fito jeusi kwa moshi, lenye mbegu za mahindi, vikapu, na vitu vya marehemu ambavyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvitupa. Tulilala chumba kimoja mimi na Koleta. Alikuwa mcheshi, anajua umbea wote wa misheni, na alikuwa anaogopa. "Mama akilikosa shamba hili, Mwanaidi, hatakaa mwaka," aliniambia tukimenya ndizi. "Atakwenda kukaa kwa nani? Kwa wakwe zangu?" Nikamwambia jembe likiwepo nitalisikia. Nilijiamini kupita kiasi, umri wenyewe ndio huo.

Jumatatu jioni na Jumanne kutwa nilipita juu ya makaburi hatua kwa hatua, bega linawaka, Fundi nyuma yangu na kamba, Kostantini na koleo. Kila nikisimama, "Umesikia nini?" Msumari. Kopo. Kipande cha sufuria. Tulitoboa mteremko wote, vishimo na vifusi kila mahali. Jumanne jioni Fundi akainama, akashika udongo, akautazama. "Hapa paliporomoka," akasema. Bi Perpetua akakubali, mwaka wa mvua kubwa udongo ulishuka mpaka mtoni. Lililofuata tulilielewa sote. Jembe lilikuwepo, na lilikwenda na maji.

Jumatano asubuhi tulikunywa uji kimya. Kostantini, ambaye hawezi kimya, akasema, "Sasa si tufukie jingine tu? Majembe si yapo?" Alikuwa anatania, au nusu anatania. Fundi aliweka kikombe chini. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Kipofu hajawahi kusema uongo," akasema. "Na mimi sitamfundisha uzeeni." Kostantini akanyanyuka, akasema anakwenda kutafuta wauza ndizi, akaondoka. Betri zilikuwa zimechoka, kwa hiyo mimi nikashuka misheni kununua nyingine. Ni mwendo wa saa mbili kushuka na zaidi kupanda, na mvua ilinikuta njiani. Niliporudi jioni, Fundi alikuwa amelala, Bi Perpetua anasali, na Kostantini anakula ndizi za kuchoma jikoni, miguu imejaa tope mpaka magotini. Nililiona lile tope, nikaliweka akilini.

Alhamisi wakaja watu wa baraza, na nusu ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene aliyevaa koti la mvua kwenye jua. Yule bwana wa mjini, ambaye sisi tulimwita Bwana Yakuti, alikuja na viatu vya ngozi na kijana wa kumshikia mwavuli. Alikuwa mwerevu. Kabla hatujaanza akasema mbele ya watu, "Mwenyekiti, hawa wamekaa hapa siku tatu. Watashindwaje kufukia jembe lao wenyewe?" Watu wakaguna. Ndipo Kostantini, kwa mdomo wake ule, akasema hilo halina shida, kwa sababu dada huyu anajua umri wa chuma kwa masikio. Akasimulia shamba la misumari, vijiti, kitambaa cha macho. Mwenyekiti akapendezwa. "Basi vizuri," akasema. "Binti atasikiliza, na kabla hatujachimba ataniambia. La zamani, au la juzi." Akamgeukia Fundi. "Wewe ndiye mwalimu wake. Unamwamini?" "Namwamini kuliko ninavyojiamini," akasema Fundi, na akanivika hedifoni kwa mikono yake.

Nilipita mstari wa kwanza. Nilipita wa pili. Katikati ya mawe mawili, chini ya majani ya migomba yaliyolowa, mahali ambapo Jumanne palikuwa kimya kabisa, Kipofu akalia. Pap. Nikarudisha sahani nyuma. Pap, akakatika. Hakuna mwanzo wa chini, hakuna mwisho wa polepole. Kilikuwa kipande kikubwa cha chuma, kipana kama kiganja na vidole, na hakikuwa hata na siku mbili pale. Nilipitisha sahani mara nne, labda tano, siyo kwa sababu nilikuwa na shaka. Nilikuwa natafuta muda. Nilifikiri, Kostantini, mshenzi wewe, umefanya kweli. Nilifikiri nikisema la juzi, Bi Perpetua anakosa shamba na anaitwa mwizi mbele ya parokia nzima. Nilifikiri mpaka ni wake kweli, mvua ndiyo iliyomnyang'anya ushahidi. Na nilifikiri kwamba kitu kimoja nilichobaki nacho duniani ni kwamba nikiulizwa nimesikia nini, ninasema nilichosikia. Nikamtazama Fundi. Alikuwa anatazama migomba.

"Binti?" akasema mwenyekiti.

Nikavua hedifoni. "Ni la zamani," nikasema. "La siku nyingi sana."

Walichimba. Lilitoka jembe la wahunzi wa zamani, lile lenye umbo la moyo na mkia, limeliwa na kutu pembeni, na ukilitazama kwa macho lilikuwa na miaka mia. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akaandika. Bwana Yakuti alisema maneno ya Kiingereza akashuka. Bi Perpetua alinikumbatia akilia, ananiita mwanangu, na mimi nilisimama kama gogo. Kwenye lori tukirudi, juu ya mikungu ya ndizi, nilikuwa nasubiri Fundi aniulize. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akiniuliza nitamwambia. Yeye hakuwahi kukosa kuniuliza, hata kwa msumari. Tulifika mjini hajaniuliza.

Jumapili iliyofuata alivaa hedifoni mwenyewe. Tulikwenda kando ya mto, akapita na lile sikio lake moja, akikosea kila kitu, akachimba makopo, nami nikamfuata nimebeba koleo. Jumapili nyingine hivyo hivyo. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa: amejua. Fundi yule aliujua udongo, aliona shimo lilivyokuwa, alijua jembe ni la juzi, na alijua kwamba mimi nimesimama mbele ya watu nikamsingizia Kipofu. Kabla mwaka haujaisha nilipata kazi nyingine, nikaacha kwenda kila wiki. Hatukugombana. Niliendelea kumsalimia, alikuja harusini kwangu, nilimpelekea dawa alipougua, miaka zaidi ya thelathini. Tuliongea siasa, wajukuu, bei ya mchele. Swali lile hakunipa tena hata siku moja. Na Kostantini, maskini, nilimnunia miaka mingi bila yeye kujua kosa lake.

Sasa lile la jikoni. Koleta alishuka kutoka Matombo kwa ajili ya arobaini, mwanamke mzima mwenye mvi, na ndoo mbili za machungwa ya shamba lile lile. Mama yake alifia pale, kwenye kitanda chake. Tulikuwa tunaosha masinia, tunazungumza habari za marehemu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, akidhani najua, "Halafu siku ile alivyochafuka, mtu mzima yule! Kupanda darini kwetu, kulitoa jembe la bibi, kwenda kulifukia kwenye mvua. Mama alimshikia mwavuli."

Niliweka sinia chini. Nikamuuliza nani alipanda darini.

"Fundi. Si ulikwenda misheni? Alimaliza kufukia akakaa chini palepale kwenye tope, akamwambia mama, 'Mwanaidi atasikia. Mimi siwezi kusimama pale niseme, na siwezi kumwomba yeye aseme. Akisema kweli, msije mkamlaumu.'" Koleta akanitazama. "Kwani ulisikia?"

"Nilisikia," nikasema.

Mimi nilikuwa nalia, na sikujua nalia kwa hasira au kwa nini. Alijua nitasikia. Alinitwika mzigo ule bila neno, akatazama migomba, na Jumapili zile alizopita na hedifoni masikioni mwake mwenyewe, anachimba makopo, na miaka yote iliyofuata, mimi nikidhani ananihukumu, kumbe alikuwa hawezi kuniuliza kwa sababu jibu alikuwa analijua. Nikamwambia Koleta, kwa ukali ambao hakustahili, "Kwa nini hamkuniambia? Mmeniacha mpaka amezikwa?"

"Mama alinikataza," akasema. "Alisema hilo siyo letu. Alisema ninyi wawili mnapendana sana, mtaambizana wenyewe."

Hatukuambizana.